Mwaka wa 13 sasa tunapiga kambi na kuvua Ziwa Tanganyika: tunafuata mbalamwezi, hatufuati likizo

#1 Mgebuka Mkavu

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani kila mwaka kuna mtu anafungua uzi kulalamika kwamba kundi lao la safari limekufa. Mnaunda kundi la WhatsApp Januari, mnalipatia jina tamu, mnaweka picha ya ziwa. Ikifika Juni mmoja ana harusi, mwingine ana msiba, wa tatu bosi kamnyima ruhusa, na aliyeanzisha kundi ndiye wa kwanza kuacha kujibu.

Sisi tuko sita, tulisoma pamoja. Tulienda mara ya kwanza 2013 na Septemba hii tumetoka kutimiza safari ya kumi na tatu bila kuruka mwaka. Si kwamba tunapendana sana. Wawili kati yetu hawaongei vizuri tangu 2016 kwa sababu ya kiwanja. Lakini tarehe ikifika, hata hao wawili wako Sumbawanga stendi na mabegi.

Ilianza hivi. Mpare (tunamwita hivyo, na ni Mpare kweli) alikuwa na kazi ya muda Kigoma, akatupigia simu tuje tupande MV Liemba wakati bado inatembea. Tukala treni ya reli ya kati kutoka Dar hadi Kigoma, mifupa ikajuana. Liemba wengi mnaijua kwa sifa: ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili isitekwe, ikaja kuopolewa na kurudi kazini 1927. Nia yetu ilikuwa kufika Kasanga, mwisho wa kusini kwa upande wa Tanzania. Hatukufika. Mwenzetu tunayemwita Mhasibu alitapika kuanzia usiku wa kwanza, na ilipofika Kipili akasema yeye anashuka hapo, tukitaka tumwache. Tukashuka wote. Wakati ule ilikuwa meli inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka gizani na unashushwa wewe na mzigo wako kama gunia la dagaa.

Asubuhi tukaamka tumezungukwa na visiwa. Maji meupe, unaona jiwe lililo chini kama limewekwa kwenye glasi. Na kijiji kizima wanaume wamekaa. Wanashona nyavu, wanacheza bao, wengine wamelala chini ya maboti. Tukadhani kuna msiba.

Mzee mmoja akatucheka. Akatuambia: hii ni mbalamwezi.

Kwa wasiojua: dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawavuta dagaa, wanakusanyika chini yake, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa yako haina maana. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo wavuvi wa dagaa wanapumzika. Boti zipo, injini zipo, vijana wanaolijua ziwa wapo, na hawana kazi.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Watu wa mjini wanapanga safari kwa kuangalia likizo zao, wanafika ziwani katikati ya siku za giza, kila boti iko kazini usiku, na mchana wenye nazo wamelala hoi. Wanapandishiwa bei, wanapewa boti mbovu, wanarudi wakisema wavuvi ni wezi. Sisi tunachagua mwezi mpevu wa mwishoni mwa Agosti au Septemba, tarehe tunaijua mwaka mzima kabla, na mwezi haujawahi kuomba ruhusa kwa bosi. Ukishasema "mbalamwezi ya Septemba", hakuna kura, hakuna "tuone kwanza".

Nitaendelea na habari ya pesa, vyakula, na usiku wa 2017 tuliolala kwenye jiwe. Naomba msinikatize.

#2 Kinu cha Bibi

Nimekaa mbele kabisa, mkeka wangu huu hapa.

#3 Dereva wa Zamu

Mkuu, Sumbawanga? Huko si ndiko mtu akikukasirikia unapigwa radi mchana kweupe? Umetoka salama mara kumi na tatu?

#4 Mgebuka Mkavu

Nilijua. Haipiti posti tatu bila hili.

Mkuu, jina lenyewe wenyeji wanalitafsiri kuwa ni tupa uchawi. Kwa hiyo ukifika na wako unauacha getini. Radi tuliyowahi kupigwa ni bei ya mafuta ya boti.

Njia siku hizi: Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Namanyere, kisha unateremka Kipili. Lami imetufikisha mbali, zamani kipande cha Tunduma kilikuwa kinakula siku nzima. Ule mteremko wa mwisho, unapoliona ziwa kwa mara ya kwanza limelala huko chini na milima ya Kongo kwa mbali kama moshi, hata Mhasibu huwa ananyamaza.

#5 Tulizo

Gharama mkuu. Hizo za mandhari tutaziona wenyewe.

#6 Mgebuka Mkavu

Sawa, pesa. Na hapa nitasema jambo ambalo silipendi.

Tangu 2014 tunachanga elfu hamsini kila mwezi, kila mtu. Mhasibu anatunza. Kwa mwaka ni laki sita kwa kichwa, milioni tatu na laki sita kwa watu sita. Inatosha basi, boti na mafuta, vijana wawili wa boti na mzee wetu wa kijijini, mchele, unga, mafuta ya kula, na inabaki ya dharura. Mahema ni yetu. Leseni za kuvulia tunakata kila mwaka, tunaanzia ofisi ya uvuvi ya wilaya, kwa sababu kuvua kwa burudani nako kunahitaji kibali na siku utakayokutana na doria hutapenda kujieleza ukiwa umeshika samaki mkononi.

Mfumo ulikuwa mzuri. Tulikuwa na sheria moja: ukikosa miezi mitatu mfululizo, jina lako linawekwa kundini na alama nyekundu. Tulicheka sana siku tunaipitisha.

2022 rafiki yetu tunayemwita Fundi akasema hataweza kuja, ana kazi. Fundi ndiye aliyekuwa roho ya kambi. Injini ikizima ni yeye, jiko likivuja ni yeye, zipu ya hema ni yeye. 2023 akasema mtoto anaumwa. Tukamtania kundini kwamba kaoa tena. Desemba ile ndipo mke wake akamwambia mke wa Mpare kwamba jamaa alipunguzwa kazini tangu mwanzoni mwa 2022, na alikuwa ameweka simu kimya kwenye kundi letu kwa sababu kila tarehe tano ujumbe wa Mhasibu ulikuwa unaingia na ile alama nyekundu.

Mwaka na miezi kadhaa, wakuu. Watu tunaojuana tangu tukiwa tunagawana kitanda.

2024 tukafuta alama. Sasa unamtumia Mhasibu unachoweza, anajua yeye peke yake, hatangazi. Mwaka huo makusanyo yalipungua kidogo tu, tukaacha kununua nyama Namanyere, basi. Lakini Fundi hajarudi. Tukimpigia anapokea, anacheka, anasema "mwakani".

#7 Hesabu Kali

Mimi napingana na wewe. Mchango ni mchango. Vikoba vyote vilivyokufa mtaani kwetu vilikufa kwa huruma. Leo mmoja hajatoa, kesho watatu, keshokutwa mnaenda kuvua na ndoano za sindano.

#8 Binti Kyela

Hesabu Kali, hiki si kikoba. Kikoba unaenda kuchukua pesa, hii ni safari ya kuonana. Ukimfukuza mtu kwa elfu hamsini, umebaki unaenda kuonana na nani?

Ila nawe mleta uzi, umemwanika rafiki yako humu. Kama anasoma je?

Na swali: wanawake vipi? Au ni safari ya kukimbia wake zenu? Sisi tuko watano, wote tunafanya kazi Mbeya, kila mwaka tunateremka Matema, Ziwa Nyasa. Hatuna mashindano ya nani kavua nini. Tunakwenda tunalala pwani chini ya milima ya Livingstone, tunanunua mbasa kwa wavuvi, tunambanika, na siku ya soko tunasubiri mitumbwi ya Wakisi inayoleta vyungu kutoka Ikombe. Mwaka jana nimerudi na vyungu vinne, kondakta akanidai nauli ya mtu mzima kwa kila kimoja. Nililipia viwili.

#9 Mgebuka Mkavu

Binti Kyela, kuhusu kumwanika: jina lake siyo Fundi. Lakini umenigusa, nitalifikiria.

Kuhusu wake zetu: 2018 tulikwenda na familia. Sitasimulia. Itoshe kusema siku ya pili mke wa Mhasibu aliuliza choo kiko wapi, Mhasibu akanyoosha kidole kuelekea msituni, na ndoa ile mpaka leo bado inadaiwa maelezo.

#10 Pezi la Nyuma

Mkuu sijaona umesema mnavua nini. Sangara wa huko wakubwa? Mimi nipo Mwanza.

#11 Mgebuka Mkavu

Ndugu wa Mwanza, usije na jina hilo huku ukategemea samaki wako. Sangara wako alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Tanganyika ina jamii zake nne za ukoo ule, wenyeji wa humuhumu, hawapatikani kwingine duniani. Mgebuka ni mmoja wao, ndiye mdogo wa umbo na ndiye tunayemfuata.

Mgebuka anatembea kwa makundi akifukuza dagaa. Alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa milima, unaona ndege wanapiga mbizi sehemu moja. Hapo mnawasha injini mnazunguka polepole, mnaburuta mshipi nyuma. Wenyeji wanafunga ndoano nyingi kwenye mshipi mmoja, kila ndoano ina unyoya mweupe, hakuna chambo kingine. Sisi mwaka wa kwanza tulikuja na vyambo vya bandia vya dukani, vya kumetameta, vya bei mbaya. Mzee akaviangalia akauliza kama ni hereni.

Mchana tunavua kwenye miamba, kwa fimbo. Huko ndiko waliko singa na kuhe. Usihangaike na maji marefu sana. Ziwa lina kina cha mita 1,470 sehemu ya chini kabisa, la pili duniani, lakini ukishapita mita mia mbili hivi hakuna hewa ya kumtosha samaki. Maisha yote yako juu na kandokando.

Kuvua kaskazini zaidi, Mahale, msijaribu. Hifadhi ile haishii ufukweni, ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 ndani ya ziwa.

#12 Tulizo

Na kambi mnapiga wapi hasa? Weka ramani.

#13 Mgebuka Mkavu

Kaskazini mwa Kipili.

#14 Tulizo

Kaskazini mwa Kipili ni mpaka Kigoma mkuu.

#15 Mgebuka Mkavu

Ndiyo.

#16 Mtu wa Mto

Hahahaa. Mvuvi akikwambia mahali anapovua ujue amehama.

#17 Baba Furaha wa Uvira

Jambo ndugu. Miye niko Uvira, upande wa Kongo. Huku mgebuka tunamuita mukeke, na dagaa ni ndakala. Ni ziwa moja lakini majina inabadilika tu ukivuka.

Mwaka wa 2024 walifunga ziwa miezi tatu, kutoka tarehe 15 ya mwezi wa tano mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nane, kwa inchi zote ine, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Wavuvi waliteseka kabisa. Nyinyi munakuja kwa raha, munarudi kwenu. Je, muliuliza wale vijana wenu walikula nini hiyo miezi tatu?

#18 Mgebuka Mkavu

Karibu sana ndugu yangu wa ng'ambo.

Tuliuliza. Tulifika Septemba 2024, wiki chache baada ya kufunguliwa. Kijana wetu mmoja alikuwa amekwenda juu Namanyere kulima vibarua, mwingine aliuza injini yake ya akiba. Mzee wetu yeye alisema ziwa lilihitaji kupumzika, amekuwa akiona mgebuka unazidi kuwa mdogo mwaka hadi mwaka. Lakini alisema pia kwamba kupumzika ni rahisi kwa anayelala ameshiba. Hoja zote mbili zina haki, na mimi siwezi kuamua kutoka kwenye kiti changu cha Dar.

Kuna jambo jingine linalotutisha zaidi. Ufukwe tuliolala 2013 haupo. Ziwa limepanda miaka hii, mmeona picha za Kigoma na Bujumbura, nyumba zimeingiliwa na maji. Mwembe tuliofungia kamba ya hema la kwanza sasa umesimama ndani ya ziwa, umekauka, na ndege mweusi yule mwenye shingo ndefu anakaa juu yake kukausha mbawa. Kila mwaka tunasogeza kambi nyuma. Tukisogea mara mbili zaidi tutakuwa tumegota kwenye mwamba.

#19 Jeneza la Samaki

Umetaja kuhe. Huyo nimesikia ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya sato duniani. Mmewahi kumpata?

#20 Mgebuka Mkavu

Mara moja, 2014. Na sijamvua tena kwa makusudi.

Alikuwa wa kilo tatu na nusu, wa manjano ana mabaka meusi. Nilirusha chambo karibu na mchanga kando ya mwamba, maji ya kina cha kama mita tano, nikamwona akitoka chini moja kwa moja kama ana kesi na mimi. Nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Mzee hakusema kitu. Aligeuza boti, akaturudisha palepale, akazima injini, akaniambia niangalie chini.

Kulikuwa na wingu la vitoto, maelfu, vidogo kama punje za ulezi. Kuhe wa pili alikuwa anazunguka peke yake, huku na huku, na pande zote samaki wengine wanaingia wanachota. Alikuwa anafukuza huku, wanaingia kule. Tulikaa kama robo saa. Lile wingu lilipungua mbele ya macho yangu.

Baadaye nilijifunza kwamba kuhe wanalea wawili, mume na mke, na inaaminika wanazaa mara moja tu maishani kisha wanakufa. Kwa hiyo yule hakuwa na njaa. Alikifuata chambo changu kwa sababu aliona ni adui wa wanawe.

Tulimla. Alikuwa mtamu, sitadanganya.

#21 Hesabu Kali

Samaki ni samaki mkuu. Ukianza kumhurumia kuhe utaishia kula mchicha.

#22 Jeneza la Samaki

Hapana, hapo ana hoja. Mvue akiwa anatembea, siyo akiwa na watoto. Hata bibi zetu walikuwa hawachinji kuku aliyeatamia.

#23 Mkimbia Baridi

Wakuu, nawasalimu kutoka Minnesota, Marekani. Uzi umenifurahisha kwa sababu na sisi tuna yetu. Tuko Watanzania wawili, Wakenya watatu na Mkongo mmoja, kila mwaka mwishoni mwa Agosti tunakwenda Boundary Waters, huko juu kwenye mpaka na Canada. Maziwa zaidi ya elfu moja, na kwenye mengi yake injini ni marufuku. Unapiga kasia. Ziwa likiisha, mtumbwi unaubeba kichwani na begani, unatembea nao msituni mpaka ziwa lijalo.

Kibali lazima, kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba nafasi zinahesabiwa kwa kila mlango. Watu wasizidi tisa kwa kundi, mitumbwi isizidi minne. Makopo ya chakula na chupa za glasi haviruhusiwi. Chakula kinahifadhiwa mbali na hema kwa sababu ya dubu. Mkenya wetu mmoja huwa anakuja na kilo tano za unga, na kila tukifika mahali pa kubeba mtumbwi tunaanza upya ule mjadala wa nani abebe ugali wake.

Swali langu kwa mleta uzi: mamba na viboko mnafanyaje? Maana mimi dubu nimemzoea, ila mamba nikimkumbuka wa kwetu Rufiji sioni hata kama ningeweza kulala.

#24 Mgebuka Mkavu

Karibu, na poleni na ugali.

Mamba wapo. Tunauliza kijiji cha karibu kabla ya kushusha mzigo, siyo baada. Wenyeji wanajua ghuba ipi ina mamba na wiki hii kaonekana wapi. Hatuogi jioni, hatusafishi samaki mbele ya kambi, hatukai kwenye matete wala midomo ya mito. Moto hauzimwi. Matete tunayakwepa pia kwa ajili ya kichocho, na tukirudi nyumbani, baada ya wiki kadhaa, tunapima wote. Jaketi okozi kila mtu lake, anavaa, halikaliwi kama mto. Hii haikuwa hivyo kabla ya 2017.

Sasa niwape ya 2017.

Siku ya tatu tulitoka saa nane mchana kwenda kwenye visiwa, boti moja, sita wetu na kijana mmoja. Boti ya kukodi, injini ya kukodi, mwenye nayo alituapia kwamba imetoka kufanyiwa matengenezo. Mzee alikuwa na homa, alibaki. Kabla hatujaondoka alisema upepo wa kusini ukianza kupiga mlio kwenye miti, tugeuze. Tuliusikia. Tukasema tumalizie mzunguko mmoja.

Nyie mnaolijua ziwa hili mnajua haliwi baya polepole. Dakika kumi lilikuwa limekunjamana, dakika ishirini mawimbi yanaingia ndani, tunachota maji kwa sufuria ya wali. Kijana akakaza injini, ikalia sana halafu boti ikaacha kwenda. Injini inazunguka, propela haizunguki. Fundi akalala kifudifudi kwenye ukingo, Mpare amemshika miguu, akaingiza mkono majini. Pini ya propela imekatika. Pini ndogo, urefu wa kidole. Akauliza ya akiba iko wapi. Kijana akaangalia pembeni.

Fundi akachomoa msumari kutoka kwenye ubao wa kukalia, akaukata kwa koleo, akaupachika akiwa kichwa chini na mawimbi yanampita mgongoni. Ulitupeleka kama mita mia tatu kabla haujakatika nao, lakini mita mia tatu zilitosha kutufikisha nyuma ya kisiwa. Siyo kisiwa hata. Ni mwamba wenye vichaka na kinyesi cha ndege, mkubwa kama kiwanja cha netiboli.

Tulilala pale. Baridi ya maji na upepo, nguo zimelowa. Samaki tunao, migebuka kumi na moja, viberiti vimelowa, hakuna moto. Mhasibu alitutaka tuhesabu kila saa kama wote tupo, tukamtukana, halafu tukawa tunahesabu. Saa kumi na moja alfajiri upepo ulikata kama mtu aliyezima swichi. Mzee alikuja mwenyewe na mtumbwi na homa yake, hakusema neno, akatugawia mihogo ya kuchemsha. Mpaka leo sijui alijuaje ni mwamba upi.

#25 Kinu cha Bibi

Nimesoma hii nimekaa kitandani na bado nimesikia baridi.

#26 Lodwar Kwetu

Sisi Wakenya tulijaribu Turkana mara mbili, upande wa Kalokol. Mbuta (ndio sangara wenu) ni wakubwa ajabu. Lakini upepo wa usiku wazee! Hema la kwanza lilichukuliwa likaenda zake, mwenyewe akiwa ameenda tu kujisaidia. Siku hizi tunalala nje kwa mkeka kama wenyeji, upepo unapita juu yako na hauna kitu cha kubeba.

#27 Dereva wa Zamu

Mleta uzi, ya mwaka huu vipi? Maana mwezi mpevu wa Septemba hii si ndio ule uliopatwa?

#28 Mgebuka Mkavu

Ndio huo, tarehe 7. Na hatukujua! Watu tunaojisifu kufuata mwezi miaka kumi na tatu, hakuna aliyekuwa amesoma habari.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mwezi umetoka mzuri, lakini una kama jino limeng'olewa. Mpare akasema ni wingu. Saa mbili na nusu ukawa umefunikwa wote, umegeuka rangi ya shaba, na nyota ambazo hatujawahi kuziona mbalamwezi zikajaa mpaka kwenye maji. Kwa mara ya kwanza tangu 2013 tukaiona kambi yetu gizani. Ng'ambo ya ghuba, kijijini, wakaanza kugonga sufuria.

Vijana wetu wawili wakaangaliana. Mmoja akasema, giza ni giza. Wakakimbilia boti! Wakafunga taa, wakasukuma, wakawasha katikati ya ghuba, tunawaona kama nyota iliyoanguka. Mzee alikaa anawaangalia, anatafuna mbegu za maboga. Ilipokaribia saa nne upande mmoja wa mwezi ukaanza kung'aa tena. Walirudi na dagaa wa kujaza kofia. Mzee akawaambia wamuuzie kofia.

Tulicheka, halafu Mhasibu akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba Fundi angekuwepo angeshaanza kutueleza kivuli cha dunia kwa kutumia sufuria na chungwa. Hakuna aliyejibu. Tukaingia kulala.

Mwakani mwezi mpevu ni Jumamosi, tarehe 26 Septemba 2026. Tunafika Kipili tarehe 23.

#29 Tulizo

Mkuu nafasi ya mtu wa saba hakuna?

#30 Mgebuka Mkavu

Boti ni ya sita. Subiri kwanza.

#31 Pini Moja

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, mke wa Mpare katutumia kiungo.

Nimesoma yote, hata sehemu yangu. Binti Kyela, asante, lakini nimeshamsamehe.

Ila wakuu msidanganywe. Viberiti vya 2017 havikulowa. Vilikuwa kavu kabisa, kambini, kwenye mfuko wa koti la huyu mleta uzi, pamoja na sigara ambazo alikuwa amemwapia mkewe kwamba ameacha. Alivisahau kwa sababu alikuwa anavificha. Tulikula migebuka mibichi kwa ajili yake, na aliniomba nisiseme. Nimekaa na siri hiyo miaka minane.

Tarehe 23 nitakuwa Kipili. Nakuja na pini sita. Viberiti nabeba mimi.

#32 Mgebuka Mkavu

Mods naomba mfunge uzi.